Peugeot ya babu na maksi mia nne

Najua nimepotea. UE zimeisha juzi, bumu lilishakata siku nyingi, na chumbani kwetu hapa Chang'ombe tumebaki watatu tunaoangaliana kila ikifika saa ya msosi. Ila leo siji kulia njaa. Leo nawaletea historia, maana ndiyo somo langu la kufundishia, na hii imeanzia uani kwa bibi yangu, Tandika.

Pale uani kuna gari. Peugeot 404 ya mwaka 1967, ya marehemu babu mzaa mama. Aliinunua mkononi mwa mtu mwaka 1974, akafanyia teksi bubu, akabebea wagonjwa, maharusi, magunia na misiba. Imepaki chini ya mwembe tangu 1998, yaani kabla mimi sijazaliwa. Kuku wanataga kiti cha nyuma.

Mwezi uliopita anko alikuja na taarifa kwamba kapata mtu wa skrepa, analipa kwa kilo. Jioni hiyohiyo akapigiwa simu na rafiki yake aliyeko Nairobi: usiwe mjinga, magari kama hayo huku yanashindanishwa na kupewa vikombe, wewe lipeleke kwa fundi lirudi kama jipya. Basi anko akageuka palepale. Kutoka kuuza kwa kilo hadi kuota kikombe, dakika tano tu! Kesho yake akaja na fundi wa gereji bubu moja ya jirani. Fundi akalizunguka gari, akagonga bodi kwa kidole, akataja kazi: kunyoosha, kupiga puti, msasa, rangi, viti vipya, taa mpya. Akanigeukia mimi: "Dogo, tukimaliza hapa unajiangalia humu kama kioo."

Bibi hakusema kitu. Alinyanyuka taratibu, akafungua buti, akaniita. "Mume wangu, hebu njoo unisomee hapa."

Ndani ya mfuniko wa buti kuna maandishi ya babu. Kayaandika kwa rangi nyeupe na kijiti, mstari juu ya mstari. Tarehe za kubadilisha oili. "Moro, kwenda na kurudi." "Kibiti, msiba." "Spea hakuna, nimetumia ya lori." Tarehe moja ya 1981 ina jina la mama yangu pembeni yake, siku aliyokimbizwa hospitali.

"Na hapa napo watapaka rangi?" bibi akauliza.

Fundi akasema ndiyo mama, lazima, majaji wanafungua mpaka buti. Nikarudi hosteli na swali hilo kichwani. Hao majaji ni akina nani, na nani aliwaambia kwamba gari kuukuu linatakiwa lionekane kama halijawahi kuishi? Nimesoma wiki mbili. Kaeni vizuri.

Tuanze mbali kidogo. Tarehe 22 Julai 1894, gazeti la Le Petit Journal la Paris liliandaa mashindano ya magari yasiyovutwa na farasi, kutoka Paris hadi mji wa Rouen, kama kilomita 126. Aliyetangulia kufika alikuwa Jules-Albert de Dion na gari lake la mvuke. Lakini zawadi ya kwanza hakupewa! Waandaaji walikuwa wameshaweka masharti: gari lisiwe la hatari, liwe rahisi kuliendesha, na lisile gharama kubwa njiani. Gari la de Dion lilihitaji mtu wa pili wa kuchochea moto. Majaji wakasema hapana bwana, umewahi lakini hukujibu swali. Zawadi ya kwanza, faranga 5,000, wakagawana kampuni mbili, Panhard et Levassor na Peugeot. Ndiyo, Peugeot, hawahawa wa uani kwa bibi.

Nimeipenda hiyo habari kwa sababu inaonyesha kwamba tangu mwanzo kabisa zawadi ya gari haikutoka kwenye gari, ilitoka kwenye karatasi ya masharti. Badilisha karatasi, unabadilisha mshindi. Sisi walimu watarajiwa tunalijua hilo, tunaliita skimu ya kusahihishia.

Sasa, mashindano ya vikombe anayoyasema anko yana jina la Kifaransa mpaka leo, hata Nairobi wanaliita hivyohivyo: Concours d'Elegance. Maana yake ni mashindano ya umaridadi. Asili yake ni matajiri wa Paris waliokuwa wakitoka na magari yao ya farasi kwenye bustani kubwa za jiji, kuonyeshana nani ana farasi wazuri, nani ana mkokoteni wa kifahari zaidi. Magari ya injini yalipokuja wakahamia nayo. Ifikapo miaka ya 1920 ilikuwa kama maonyesho ya mavazi. Zamani zile tajiri alinunua injini na chesisi kwa kampuni moja, halafu akaenda kwa fundi bodi mwingine kushonewa bodi, kama wewe unavyonunua kitambaa Kariakoo ukapeleka kwa fundi cherehani. Ule ufundi wa bodi ndio ulioshindanishwa. Mwaka 1929 yakaanza mashindano ya Villa d'Este, kando ya Ziwa Como kule Italia, ambayo hadi leo yana kikombe cha dhahabu kinachotolewa kwa kura za watazamaji, siyo za majaji.

Hapa kuna jambo ambalo mimi sikulijua: yale magari yote yalikuwa MAPYA. Concours ilikuwa mahali pa kuonyesha kilichotoka kiwandani wiki ile. Hakuna aliyepeleka gari la babu yake.

Hata Marekani ilikuwa hivyo. Mashindano maarufu kuliko yote duniani, ya Pebble Beach, California, yalianza 1950 kama kiburudisho pembeni ya mbio za magari, na aliyeshinda mwaka ule wa kwanza alikuwa na gari jipya la michezo lililotengenezwa hukohuko California, Edwards R-26. Mwaka 1955 ndipo kilipotokea kioja. Akashinda kijana dereva wa mbio, Phil Hill, na Pierce-Arrow ya mwaka 1931 iliyokuwa ya shangazi yake. Ilikuwa mara ya kwanza pale kwa gari la kabla ya vita kuchukua ushindi wa jumla. (Phil Hill huyohuyo mwaka 1961 akawa bingwa wa dunia wa Formula One. Shangazi zetu nao watukumbuke jamani.) Baada ya hapo mlango ukafunguka, na magari ya zamani yakawa ndiyo sherehe yenyewe.

Umeona kilichotokea? Watu walileta magari ya zamani, lakini jicho la kuyapimia lilibaki lilelile la magari mapya. Rangi inang'aa? Ngozi ya viti haina mkunjo? Kromu inaonyesha uso? Kwa hiyo njia ya kushinda ikawa ni kulifuta gari umri wake wote.

Waliolipanga jambo hili kwa nidhamu hasa ni chama cha Marekani kinachoitwa Antique Automobile Club of America, kilichoanzishwa 1935. Gari likifika uwanjani kwao limebeba maksi 400 tayari. Timu ya majaji inagawana kazi, mmoja nje, mmoja ndani, mmoja injini, mmoja chesisi, na kila kosa lina idadi yake ya kukata. Skrubu siyo yenyewe, kata. Kitambaa siyo aina iliyotoka kiwandani, kata. Kipimo chao wamekiandika wazi: gari liwe katika hali ambayo muuzaji angemkabidhi mteja wa kwanza siku ile ya kwanza. Na hawataki sifa vilevile. Ukiling'arisha kupita kiwanda kilivyong'arisha, hupati maksi hata moja ya ziada. Jaji hashikishiki gari la mtu ovyo, anamwomba mwenyewe afungue.

Kwa upande mmoja ni haki kabisa. Tajiri wa gari la dola milioni na mzee wa pikapu ya shamba wanasahihishwa kwa skimu moja, kila mmoja dhidi ya kiwanda chake, na siyo mmoja dhidi ya mwingine. Pikapu ya shamba inaweza kupata maksi kuliko Cadillac. Hapo nawavulia kofia.

Lakini nilipokuwa TP nilisahihisha insha za historia za kidato cha pili, madaftari themanini na kitu, nikawa naanza na maksi zote halafu nafyeka. Mwalimu mwenyeji wangu akachungulia begani akaniambia, "Mwalimu, mpe mtoto kwa alichoandika, usimfyeke kwa asichoandika." Nilikasirika kidogo (nilikuwa nimechoka na njaa). Ila nimemkumbuka sana wiki hizi mbili.

Turudi nyumbani Afrika Mashariki. Kinachompa anko usingizi mtamu kipo Nairobi tangu 1970, kilianzishwa na klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo ya Kenya, na kwa miaka mingi kimekuwa kikifanyika Septemba kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road. Angalia historia inavyozunguka: mashindano yaliyozaliwa na farasi wa Paris yakaishia tena kwenye uwanja wa farasi, Nairobi. Magari yanapangwa kwa madaraja, ukubwa wa injini, magari ya wazi, pikapu, magari ya zamani, na pikipiki nazo zina madaraja yao, kwa hiyo huendi kupambana na Rolls-Royce ukiwa na Datsun. Majaji wanaangalia nje, ndani, chini ya boneti, kwenye buti, mpaka uvunguni, halafu gari linaendeshwa mbele yao kuonyesha kwamba lina uhai na siyo sanamu. Watu wanakesha na mswaki wa meno wakisugua nati. Vumbi ni adui namba moja.

Ajabu ni kwamba Peugeot 404 ilipata heshima yake Afrika Mashariki kwa vumbi na tope! Ile Safari Rally iliyoanza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, 404 iliishinda 1963, halafu mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Mbili za katikati alishinda Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa akiishi hapahapa Tanzania. Gari la babu ni la mwaka huohuo 1967. Bibi anasema watu wa mtaani walikuwa wakimtania babu wakimwita bingwa wa Safari, naye anaringa nusu saa nzima kabla hajawasha. Kwenye rally gari likirudi na boneti iliyobonyea na kioo kimepasuka, hilo ndilo limefanya kazi. Kwenye Concours gari hilohilo linaambiwa likaoge kwanza. Nchi ileile, gari lilelile, skimu mbili.

Serikali nazo zina skimu yao, niwachekeshe kidogo. Kenya haipokei gari la kawaida lililotumika lenye zaidi ya miaka 8. Uganda tangu 2018 mwisho ni miaka 15. Sisi Tanzania tunaruhusu, ila unalipa ushuru wa uchakavu, na umri ukizidi nao unapanda. Wakati huohuo shirikisho la dunia la magari ya kihistoria, FIVA, lililoanzishwa 1966, linasema gari halijawa la kihistoria mpaka litimize walau miaka 30, litunzwe katika hali sahihi kihistoria, na lisiwe usafiri wa kila siku. Kwa hiyo hapa katikati kuna miaka ishirini na kitu ambapo gari si jipya wala si la kale, ni mzigo tu. Magari mengi ya Tandika yapo humo. Watu wengi pia, lakini hiyo mada nyingine.

Jumamosi iliyopita nikaenda Makumbusho ya Taifa, pale mtaa wa Shaaban Robert. Kuna magari ya zamani pale, na mojawapo ni Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni ya Waingereza, kisha ikatumiwa na Mwalimu Nyerere. Nilisimama mbele yake muda mrefu mpaka mlinzi akawa na wasiwasi na mimi.

Nikajaribu kulisahihisha kwa skimu ya maksi 400. Hali ya siku ya kwanza, kama ilivyokabidhiwa na muuzaji. Sasa siku ya kwanza gari hili ni la nani? Ni la gavana. Kila kitu kilicholifanya liwe na maana kwetu kimekuja baada ya siku ile. Kama uhuru wa 1961 uliacha alama yoyote kwenye kiti kile, mkwaruzo wa kiatu, tobo la skrubu ya bendera, hata harufu, basi kwa skimu ile alama hiyo ni kosa na inakatwa. Ukilirudisha "kama jipya" kwa uaminifu kabisa, umelirudisha kwa mkoloni. Nilisimama pale nikahisi ubaridi, na siyo AC.

Hapo ndipo nilipoelewa swali la bibi. Fundi anaposema lirudi kama zamani, lazima umuulize: zamani ipi? 1967 Ufaransa, kabla halijapanda meli? 1974, babu anahesabu noti? 1981 usiku ule wa hospitali? Gari halina zamani moja. Na katika zamani zote hizo, ile inayochaguliwa na skimu ya kiwanda ndiyo pekee ambayo hakuna mtu wa familia yetu aliyekuwepo.

Haya, sikwenda kulaumu majaji tu, kwa sababu kumbe nao walishaanza kujiuliza. Chama kilekile cha Marekani cha maksi 400 kilianzisha utambuzi wa pembeni kwa magari yaliyobaki na vitu vyake vya asili, bila kuwalazimisha wenyewe kuyapaka rangi. FIVA nayo, mwaka 2012, ilipitisha hati inayoitwa Mkataba wa Turin, iliyochukua mawazo kutoka kwa watu wanaohifadhi majengo ya kale. Ukiusoma unaona lugha imebadilika kabisa. Wanasema kutunza kuje kabla ya kukarabati, na mabadiliko ambayo gari limeyapata katika maisha yake ni sehemu ya ushahidi, usiyafute kwa sababu tu hayakutoka kiwandani. Kwa mtu anayesoma historia hiyo ni kama kusema barua ya zamani usiinakili upya kwa mwandiko mzuri halafu ukachoma ile yenyewe.

Na Agosti 2024, Pebble Beach, likatokea jambo ambalo halikuwahi kutokea pale tangu 1950. Ushindi wa jumla ukaenda kwa gari kutoka daraja la magari yasiyokarabatiwa, yanayotunzwa kama yalivyo. Ilikuwa Bugatti Type 59 ya mwaka 1934, gari la mbio lililogeuzwa la barabarani na kuuzwa kwa Mfalme Leopold III wa Ubelgiji, aliyelipaka rangi nyeusi na mstari wa njano. Rangi yenyewe imezeeka, na majaji wakasema liwe vivyo hivyo. Kwa jicho la kiwanda ile rangi ya mfalme ni kosa. Safari hii kosa likapewa kikombe.

Sikufurahi moja kwa moja, nikiri. Leopold III alitawala kuanzia 1934 hadi 1951, na Kongo ya jirani zetu ilikuwa chini ya taji lake. Nikawaza, mikwaruzo ya mfalme inaitwa ushahidi, ya babu yangu inaitwa uchakavu. Lakini halafu nikajiambia, sawa, mlango ukishafunguliwa na mfalme, mwenye teksi bubu naye anaweza kupita. Kanuni ni kanuni.

Basi juzi nikaenda Tandika na daftari, nikalisahihisha gari la babu mara mbili.

Kwanza kwa skimu ya kiwanda. Taa ya nyuma kushoto ni ya lori. Kata. Kiti cha mbele kimeshonwa kwa turubai la kijani. Kata. Kioo cha pembeni siyo cha Peugeot, kimefungwa kwa waya. Kata. Rangi imepigwa kwa brashi mlango mmoja, tena nyeupe tofauti. Kata sana. Maandishi ndani ya buti, hayo sijui hata unakata ngapi. Gia ya kwenye usukani ipo, ya asili. Injini ni ileile ya 1618 cc, imelala kwa ubavu kama ilivyotoka kwao. Afadhali. Jumla sikuipiga, niliona huruma.

Halafu nikaanza upya kutoka sifuri, kwa kutoa badala ya kukata. Nikamuuliza bibi kila kitu. Taa ya lori? Miaka ya mwanzo ya themanini, baada ya vita vya Kagera na mafuta kupanda bei, nchi haina fedha za kigeni, spea dukani hakuna, babu kazunguka Gerezani siku tatu karudi na hiyo. Turubai? Kitambaa kilikuwa kwa mgawo, na turubai alipewa na abiria aliyeshindwa kulipa. Mlango wa rangi tofauti? Huo ni mlango wa 404 nyingine, ya mwenzake aliyepata ajali, mkewe akasema chukua. Kioo cha waya? Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Alikivunja yeye, Jumapili moja enzi zile za marufuku ya kuendesha magari binafsi alasiri, babu akamfundisha kuendesha humohumo uani kwa sababu barabarani haruhusiwi kutoka. Akagonga mwembe. Mwembe huuhuu.

Niliandika kurasa sita. Nimesoma chuo mwaka wa tatu sasa, nimesoma mgogoro wa uchumi wa miaka ya themanini kwenye vitini na vitabu, nimeufanyia mtihani nikapata B. Sikuwahi kujua kwamba upo uani kwetu na namba ya usajili.

Anko hajakubali kirahisi. Anasema mimi nataka gari lioze kwa sababu ya mashairi. Nikamwambia sivyo anko, kuoza siyo kutunza. Kutu inakula sakafu upande wa dereva, hiyo lazima ikatwe na kuchomelewa kabla mvua za masika hazijaja. Breki zifunguliwe, kabureta isafishwe, tairi zibadilishwe, kuku wahame. Kutia uhai siyo dhambi, hata hao wa Turin wanaruhusu. Ninachokataa ni puti na msasa wa mwili mzima, na viti vipya. Akaniuliza swali zuri: "Sasa kikombe tutapata?" Nikamwambia kwa Nairobi sidhani, labda wakituonea huruma. Akanyamaza, akawasha sigara, akaenda kusimama karibu na buti. Nadhani alikuwa anasoma, maana yeye pia jina lake limo, 1979, pembeni ya neno "shule".

Fundi naye tulikaa naye chini. Mwanzoni aliona kama tunamnyima kazi, lakini nilipomwonyesha maandishi na kumweleza, akasema kitu ambacho sikukitegemea. Akasema kupaka rangi gari zima ni rahisi, kazi ngumu ni kuchomelea sakafu bila kuunguza rangi ya zamani ya juu yake, na bei yake siyo ileile. Imepanda. Kwa hiyo sasa tunachangishana. Bibi katoa ya kuku wawili, na kuku wenyewe wamehama kwa masharti.

Kazi inaanza Jumamosi. Buti limefunikwa kwa kanga ya bibi na kufungwa kamba, na kabla ya hapo nimepiga picha mistari yote ya babu, mmoja mmoja. Kuna mmoja hatuusomi vizuri, wa chini kabisa, tarehe ni 1998 na neno moja limefutika nusu. Bibi anasema anajua limeandikwa nini lakini hasemi. Nikimaliza kuwabembeleza wote wawili, bibi na gari, nitarudi kuwaambia kama limewaka.